Swali la Mara ya Tatu

Matokeo ya Mizani yalitoka siku ya Jumanne saa nne asubuhi, na kufikia saa tano Twilumba Ngailo alikuwa ameshapongezwa na watu zaidi ya ishirini. Walimpa mkono, wakampigapiga begani, mmoja akamletea hata kahawa ambayo hakuiagiza. "Watu wa kwenu wana msimamo!" walimwambia. "Vya bure hawataki. Wachapakazi hasa!" Naye akatabasamu, akasema asante, asante sana, na kahawa ile akaiacha ipoe.

Kanda zote saba za Shirikisho zilikuwa zimeulizwa swali moja. Sita zilikubali. Ya saba, Nyanda za Juu, ilikataa. Katika kila watu mia, kumi na mmoja tu ndio waliosema ndiyo. Na sheria ya Shirikisho ilikuwa haina mchezo: kanda moja ikikataa, muswada unafukiwa kwa miaka kumi na miwili.

Muswada wenyewe uliitwa Fungu la Raia. Kila mtu aliyezaliwa ndani ya mipaka, awe tajiri awe fukara, awe na kazi au kazi yake imeshachukuliwa na mashine, apate fungu lake kila mwezi bila kuhojiwa. Fedha haikuwa tatizo, jamani. Mvuke uliokuwa ukichimbwa chini ya Bonde la Ufa uliwasha taa za nchi tano, na wachumi walishamaliza hesabu zao zamani. Kilichobaki ni lile swali linalowatoa jasho wanasiasa wa zama zote: je, watu wenyewe watakubali? Wako waheshimiwa waliosema watu watabweteka. Wako waliosema kanda moja itaionea nyingine wivu, na nchi itachinjana tena kama ilivyochinjana kwenye uchaguzi ule ambao hakuna aliyependa kuutaja. Tangu siku zile, jambo kubwa halikupitishwa tena kwa kubahatisha. Lilipelekwa kwanza kwenye Mizani.

Mizani ilikuwa hivi. Katika kila nyumba, pembeni ya mlango, kilipigiliwa kisikizi, kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni. Siku ya kuulizwa ikifika, kisikizi kinakusalimia kwa lugha ya nyumbani kwenu, kinakuuliza, kinakusikiliza. Hakisikii maneno peke yake. Kinasikia pumzi inavyoingia na kutoka, sauti inavyotetema, ulimi unavyositasita, kisha kinaamua kama unalosema unalimaanisha. Wanaume waliousifia muswada ili wasigombane na wake zao walinaswa kwa maelfu. Hakuna karatasi, hakuna foleni, hakuna wa kuiba kura. Nchi nzima iliiamini, na ilikuwa haki yao kuiamini.

Sehemu ya kuuliza, yaani maneno ya kisikizi na mpangilio wake, iliandikwa na Dokta Twilumba Ngailo mwenyewe. Ndiyo maana kahawa ile hakuigusa.

Bwana Ndalahwa, mkurugenzi wa ofisi ya Mizani, alimwita kabla ya mchana. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani yake kila anapotaka kumwagiza mtu jambo zito.

"Kaa, Dokta. Sheria unaijua. Matokeo ya kukataa yasomwe hadharani kwenye kata iliyokataa kuliko zote, na msomaji awe mmoja wetu. Kikao kikifungwa bila pingamizi, basi, yamekuwa sheria."

"Kata ipi?"

"Ilunguma. Wanne kwa mia."

"Ilunguma ni kwetu."

"Najua. Ndiyo maana nakutuma wewe." Miwani ikafutwa, ingawa ilikuwa safi. "Watu wako wamekataa kwa heshima, nenda ukawasomee kwa heshima. Mimi nitakuja kesho kutwa kusimamia kikao."

Hapo ndipo angesema. Mlango ulikuwa umefungwa, walikuwa wawili tu, na Ndalahwa hakuwa mtu wa kumla mtu nyama. Neno lenyewe lilikuwa limekaa kooni mwake miaka sita. Lakini msomi wetu alisimama, akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Sawa, mkurugenzi." Kisha akaenda kufunga mizigo.

*

Gari lisilo na dereva lilimshusha Ilunguma saa tisa alasiri kesho yake, kwenye ukungu na baridi ya kuuma masikio. Njia nzima alikuwa akitazama misitu ya misindano. Mashine zilikuwa zikikata miti, zikipasua mbao, zikipakia, na nyuma yake mashine nyingine zikipanda miche, na hakuonekana binadamu hata mmoja. Utotoni mwake barabara ile ilikuwa na makelele ya wapasua mbao, na kila baada ya hatua mia kulikuwa na kibanda cha chai na maandazi. Vibanda bado vilikuwepo. Vilikuwa vimefungwa, na milango imeota ukungu wa kijani.

Mama Mkubwa Eda alimpokea mlangoni. Huyu alikuwa dada wa marehemu mama yake, ndiye aliyemlea tangu ana miaka minne, ndiye aliyebeba magunia ya viazi mgongoni mpaka ada ya shule ikatimia. Alikuwa amevaa masweta mawili, moja juu ya jingine, na Twilumba alipomkumbatia alishtuka. Ndani ya masweta yale mlikuwa na mtu mdogo sana.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu! Umekuja! Hebu ingia, baridi itakuua. Kaa hapa karibu na moto. Kwanza ule."

"Asante, nimekula njiani."

"Ulikula nini njiani, vibanda vyote vimefungwa? Kula kidogo."

"Nimeshiba kweli, Mama."

Alisema vile bila kufikiri, maana ndivyo mtu wa Ilunguma anavyosema, na akainuka kwenda jikoni kumsaidia kupakua, maana ndivyo ilivyo pia: unakataa, unabembelezwa, unakataa, unabembelezwa, mara ya tatu unakula. Alifunua sufuria. Ndani mlikuwa na viazi sita, vile vidogo vya kutupiwa nguruwe, vimechemshwa na maganda yake. Alitazama kwenye kapu la unga, lilikuwa tupu. Alitazama darini, palipokuwa pakikaa mahindi, akaona kamba tu zikining'inia.

Mama Mkubwa alikuwa amemfuata. Alichukua sahani, akapakua viazi vyote sita, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Sasa utanikatalia chakula changu?"

Hiyo ilikuwa mara ya tatu, na mara ya tatu haikataliwi. Lakini Twilumba angekulaje? "Tumbo linanisumbua, Mama," alisema. "Safari. Nisamehe." Aliona uso wa mama yule ukijifunga. Mama Mkubwa akafunika sahani kwa sahani nyingine, taratibu, akaiweka rafuni.

"Na wewe umekula?" Twilumba aliuliza.

"Mimi nimekula, mwanangu. Nimeshiba."

Sauti ilikuwa tulivu, imenyooka, haina hata chembe ya kutetema. Twilumba alikuwa amesikiliza sauti za watu kwa miaka kumi na miwili, ndiyo kazi iliyompa mkate, na asingeona ile sufuria angeapa kwamba anaambiwa kweli. Aligeuka akatazama mlangoni. Kisikizi kilikuwa pale, kimepigiliwa vizuri, taa yake ndogo ikiwaka.

"Mama Mkubwa, hiki kilikuuliza?"

"Kiliuliza. Kina sauti nzuri, kinaongea kama watu wa huku huku. Kikasema, kamwene mama, serikali inataka kukupa fungu kila mwezi, je, utapokea? Nikasema tunashukuru, tunavyo, wapeni wenye shida."

"Halafu?"

"Halafu kikasema asante, kikanyamaza." Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeumizwa akaamua kutolalamika. "Nikavuta kigoda nikakaa pale chini yake, nikikingoja. Nilingoja mpaka viazi vikaungua jikoni. Wapi! Nikajua hawakuwa na nia. Mtu mwenye nia ya kukupa haulizi mara moja akageuza mgongo. Nilipowauliza majirani, kila mmoja kilimfanyia vile vile. Tukasema basi, serikali imekuja kutudhihaki, na sisi tumejibu vizuri, hatukujiaibisha."

Twilumba alikaa chini, palepale kwenye sakafu ya udongo, na suruali yake ya mjini.

*

Alilijua jambo hili. Hapo ndipo aibu yake ilipolala. Mtu aliyezaliwa kwingine angeweza kusema hakujua.

Miaka sita nyuma, nakala ya kwanza ya kisikizi ilikuwa na kipengele kwa ajili ya Nyanda za Juu: uliza mara tatu, pima jibu la tatu. Yeye ndiye aliyekiandika. Alikiandika bila kufikiri sana, kama mtu anavyokumbuka kuvua viatu mlangoni. Siku ya kikao cha wabunifu, kule mji mkuu, kilisomwa kwa sauti na meza nzima ikaangua kicheko. "Kwenu mnabembelezwa kula?" mmoja aliuliza. "Sasa ukimchumbia binti wa kwenu si utauliza mpaka ndevu ziote mvi!" Mwingine akaigiza sauti ya mtu wa milimani akikataa ugali huku mate yanamtoka. Haikuwa chuki. Ulikuwa utani tu, na wote waliendelea na kazi baada ya dakika mbili.

Lakini Twilumba aliwaka uso mzima. Alikuwa ametumia miaka mingi kuitoa milima ile ulimini mwake, kuvaa kama wao, kucheka kama wao, na sasa yeye mwenyewe ameiweka mezani ichekwe. Jioni ile akafungua faili, akafuta kipengele. Pembeni, mahali pa kuandika sababu, akaandika: "Hakihitajiki. Watu wa kanda hii hujibu kama wengine." Akatia saini.

Na kulikuwa na jambo jingine, dogo, alilokuwa hajaliunganisha mpaka leo alipofunua sufuria. Miaka minne iliyopita alimpigia Mama Mkubwa simu, akamwuliza, "Nikutumie chochote, Mama?" Mama Mkubwa akajibu, "Usijisumbue, mwanangu, tunavyo." Naye akafurahi, akamshukuru Mungu, akaendelea na mambo yake. Aliuliza mara moja tu. Miaka minne!

Alimweleza Mama Mkubwa yote, macho yakiwa kwenye majivu. Hakuficha kicheko cha mezani, hakuficha saini. Moto ulikuwa ukififia na hakuna aliyeongeza kuni.

"Kwa hiyo ulituonea aibu," Mama Mkubwa alisema mwishoni.

"Ndiyo."

"Na mimi pia?"

Twilumba alitaka kusema wewe hapana. Akashindwa. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja, yakatoka mengine. Mama Mkubwa hakumbembeleza.

"Kesho naweza kuweka pingamizi," Twilumba alisema alipopata sauti. "Lakini sheria haitaki maneno, inataka ushahidi. Lazima ionekane hadharani kwamba Mizani imechukua uongo ikauita kweli. Ukisimama ukasema ulisema tunavyo na huna kitu, na mkurugenzi akasikia..."

"Nisimame?" Mama Mkubwa aliinua mkono kumkatisha. "Mbele ya kijiji? Mbele ya mashemeji zangu, mbele ya padri, niseme Eda hana chakula? Niseme nakula viazi vya nguruwe?" Sasa sauti yake ilitetema, ile ambayo haikutetema kwenye njaa. "Mwanangu, nina miaka sabini na moja. Nimebakiwa na jina tu. Hilo nalo unataka kuja kulianika?"

"Hapana, Mama."

"Wewe ulichekwa na watu sita kwenye meza ukafuta kijiji kizima. Mimi unataka nichekwe na kijiji kizima."

Alfajiri Mama Mkubwa alimwekea kikombe cha uji mezani, uji mwepesi wa mtu aliyekung'uta kapu, na akatoka bila kusema neno. Kilikuwa kikombe kimoja tu. Twilumba alikitazama mpaka kikapoa, akakifunika, akaenda kwenye kikao.

*

Kikao kilifanyika ndani ya ghala la viazi la kata, lililokuwa tupu tangu wanunuzi waanze kuchukua viazi vya mashamba ya mashine. Walikuja watu kama mia mbili, wamevaa nguo zao za kanisani, wamepaka mafuta, wanasalimiana kwa sauti. Ungewaona ungesema hapa hakuna mwenye shida hata mmoja. Mbele paliwekwa meza, na juu ya meza kisikizi kikubwa cha serikali, na nyuma yake turubai jeupe la kuonyeshea. Hiyo pia ilikuwa sheria: kila neno la msomaji lipimwe, ili wananchi waone kwamba anayewasomea hawadanganyi.

Twilumba alisoma. Idadi ya waliojibu katika kanda, KWELI, turubai likaandika kwa herufi za kijani. Waliokubali, kumi na mmoja kwa mia, KWELI. Kata ya Ilunguma, wanne kwa mia, KWELI. Watu walisikiliza wametulia, wengine wakitikisa kichwa kwa fahari kidogo, na safu ya mbele Mama Mkubwa Eda alikaa wima, mfuko wa kitenge mapajani, hamwangalii.

Bwana Ndalahwa akasimama. "Ndugu wananchi, asanteni. Nchi nzima imewasikia. Sasa, kabla sijafunga, kuna mwenye pingamizi? Ieleweke, pingamizi si malalamiko. Ni kuonyesha hapa hapa kwamba Mizani imekosea. Kikao kikifungwa, jambo hili halirudi mpaka miaka kumi na miwili."

Mtu alikohoa.

Twilumba alifungua mdomo. Alikuwa amejiandaa njia nzima: nitasema tu kwamba nilifuta kipengele, sitamtaja mtu. Lakini angeelezaje kwa nini kipengele kina maana bila kusema kwamba hawa watu mia mbili waliopaka mafuta wana njaa? Alitazama nyuso zile. Mzee mmoja alikuwa amefunga kola ya shati lake kwa pini. Aliona jinsi neno litakavyowavua nguo wote kwa pamoja, na aliona, kwa upande wa pili, kazi yake, jina lake, meza ile ya mji mkuu ikimcheka kwa mara nyingine. Mungu amsamehe, hakuweza kutenganisha ni lipi kati ya hayo mawili lililomfunga mdomo. Aliufumba.

"Hakuna," Ndalahwa alisema. "Basi kwa mamlaka..."

"Mheshimiwa, samahani."

Mama Mkubwa Eda alikuwa amesimama.

"Karibu, mama. Una pingamizi?"

"Mimi? Aa, hapana. Mimi nina swali dogo tu kwa mwanangu huyu, nimlee kidogo kabla hajaondoka." Watu wakacheka kwa upole. Akamgeukia Twilumba, na kwa mara ya kwanza tangu jana akamtazama usoni. "Mwanangu. Umekula leo?"

"Nimekula, Mama Mkubwa, asante. Nimeshiba."

Lilitoka lenyewe. Lilikuwa limeshatoka kabla hajajua kwamba ameulizwa. Nyuma yake akasikia kicheko kimoja, kisha vitatu, kisha ghala zima likaripuka, na alipogeuka akaona kwa nini. Kwenye turubai, kwa herufi za kijani zenye urefu wa mkono: KWELI. TISINI NA SABA KWA MIA.

Mama Mkubwa hakucheka. "Mheshimiwa," alimwambia Ndalahwa, "huyu mtoto tangu jana saa tisa alipoteremka garini hajatia kitu kinywani. Jana kakataa viazi. Leo kaacha uji mezani, nimerudi nimeukuta umefunikwa. Sasa naona mashine yako inasema ameshiba. Nilitaka tu kujua kama inaona vizuri."

Ndalahwa alivua miwani. Safari hii hakuifuta. "Dokta, ni kweli?"

Mama Mkubwa alipiga hatua moja mbele. "Usimwulize hivyo, mheshimiwa, hatajibu. Ngoja." Akarudia, polepole, kama anavyobembelezwa mgeni. "Mwanangu, kula hata kidogo."

"Usijisumbue, Mama," Twilumba alisema, machozi yakimtiririka, maana mara ya pili nayo ina maneno yake. Kisikizi hakikuandika kitu. Kilikuwa kimeshachukua jibu lake na kufunga, kama alivyokiandika yeye mwenyewe.

"Utakula?"

Mara ya tatu. Walijua wote, mpaka watoto, kwamba hili ndilo swali.

"Nitakula. Sijala, Mama Mkubwa. Nina njaa." Alishika ukingo wa meza. "Jana nilikuwa na njaa pia. Nimesema uongo mbele yenu na mashine niliyoitengeneza mimi imeuita kweli, kwa sababu niliiambia isiulize zaidi ya mara moja. Nilijua. Nilijua tangu siku ile, na nilifuta kwa mkono wangu."

Hakuna aliyecheka. Kutoka safu za nyuma, mzee mwenye pini kwenye kola alisema, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni njia, "Lakini mheshimiwa, lile la kwanza si swali. Lile ni salamu. Sisi tulidhani mnajua."

"Kwa hiyo ninyi wote..." Ndalahwa alianza, akamwona Mama Mkubwa akimtazama, akaimeza sentensi yake iliyobaki. Hilo tumpe. Alikuwa mtu mwenye adabu, na katika watu mia mbili wale hakumwuliza hata mmoja kama ameshiba.

Alifungua mkoba, akatoa fomu ya pingamizi, akaiweka mbele ya Twilumba. "Ukiandika hapa, Mizani itarudi kuuliza kanda hii ndani ya siku tisini, safari hii inavyopasa," alisema kwa sauti ya chini. "Sijui watajibu nini. Wewe pia hujui. Na kazi yako umeipoteza, Dokta, hilo nalo lazima nikwambie. Huenda na mahakama ikakuita. Bado sijafunga kikao. Ni hiari yako."

"Naomba kalamu," Twilumba alisema.

Jina la shahidi: Twilumba Ngailo. Uongo uliochukuliwa kuwa kweli: Nimekula. Aina ya kosa: la makusudi. Kisha palikuwa na mistari mitatu mitupu, na juu yake neno moja, Sababu. Alikaa na mistari ile muda mrefu kuliko fomu yote. Alikuwa na maneno mengi ya kisomi ya kuijaza, na mengine yangempunguzia adhabu. Akaandika: "Niliwaonea aibu watu walionilea." Mistari miwili ikabaki mitupu. Akatia saini, ile ile ya miaka sita iliyopita.

Alipoinua kichwa, Mama Mkubwa alikuwa amefika mezani. Alifungua mfuko wa kitenge, akatoa sahani mbili zilizofunikana, akaifunua ya juu. Viazi vya jana vilikuwemo, vyote sita, vidogo, vimepoa, kila mmoja pale akaviona na kila mmoja akajua ni viazi gani. Mama yule alivishikilia palepale mbele ya mashemeji zake na padri.

"Kula," alisema.

Twilumba alinyoosha mkono mara ile ile ya kwanza, akachukua kiazi, akala na ganda lake. Watu wa Ilunguma, kwa adabu yao, wakatazama pembeni mpaka alipomaliza.